Rafta Fupi za Loresho

River Road, Nairobi
14 Januari 1972

Kwa Mwalimu wangu, Mzee Zedekiah Were,

Naomba barua hii ikukute umekaa vizuri, na ule mguu wa kushoto umepunguza kelele. Mama Peres mpe mkono wangu. Hapa River Road tuko vile ulivyotuacha, ila Muli wa duka la misumari ameota kitambi, na pale tulipokuwa tunaegesha mbao zetu sasa kuna mtu anauza redio.

Mzee, nimepata kazi yangu mwenyewe, ya kwanza tangu urudi nyumbani. Ni kule Loresho, kwa mama mmoja anaitwa Wahu. Ana duka la cherehani hapa mjini. Mume wake amepelekwa Mombasa na kazi ya serikali, kwa hivyo mwenye kusema ni yeye. Nyuma ya nyumba kubwa kuna kanyumba ka mbao kalikojengwa na Mzungu aliyeondoka. Mama Wahu anataka nikaongezee chumba kimoja ubavuni, ili mama yake mzazi atoke Limuru aje akae hapo kabla ya mvua kubwa.

Ukuta haunisumbui. Kinachonisumbua ni paa. Huyo Mzungu alilisimamisha sana. Kila futi moja ya kwenda ndani, linapanda futi moja. Paa jipya litaingia ubavuni mwa lile la zamani, na pale yanapokutana panakuwa na bonde. Rafta ndefu za kubeba mabati nimekata zote na zimekaa. Zimebaki zile fupi, zinazoshuka kutoka mgongo wa paa mpaka zikaegemea mbao ya bonde. Hizo zinataka hanamu mbili, mikato miwili ya mshazari, kwa mpigo mmoja: ya mteremko na ya ubavu. Ya mteremko naijua. Ya ubavu siijui.

Sasa nisamehe kwa neno hili. Nilikaa chini yako miaka kumi na mmoja. Ulinifundisha kunoa, kupiga randa, kusimamisha ukuta kwa timazi. Lakini kila tulipofika kwenye bonde la paa, ulinituma. "Joash, kimbia kwa Muli, misumari ya inchi nne imekwisha." Nikirudi, rafta fupi zimekwisha kupigwa, nawe unafunga gunia lako la kuni za kupeleka nyumbani Makongeni. Siku moja tukiwa Kileleshwa nilipita kando ya kopo na nikaona misumari ya inchi nne imejaa mpaka juu. Sikusema kitu. Nilikwenda.

Sikulaumu. Kila fundi ana chake anachokificha. Lakini wewe umeshaweka msumeno chini, na mimi ndiye niliyebaki na kazi. Niandikie ile hanamu ya ubavu inapatikana vipi.

Mwanafunzi wako,
Joash Ogutu


Butula, kupitia Bumala
23 Januari 1972

Joash,

Barua nimepata. Mguu ni mguu tu.

Unasema kopo lilikuwa limejaa. Basi siku zote hizo ulikuwa unahesabu misumari yangu. Mwanafunzi anayechungulia kopo la mwalimu wake atachungulia na mfuko. Tena watu wanaotoka huko wananiambia umeandika jina lako mlangoni pa karakana yetu kwa rangi nyekundu, la kwangu halipo. Sikuulizi. Nakuambia tu kwamba masikio yangu yanafika River Road.

Hiyo hanamu ya ubavu ni jambo dogo. Ni nusu ya skwea, yaani nusu ya pembe mraba. Mbao yako ina unene wa inchi mbili. Juu ya mgongo wa mbao, weka alama ukingo mmoja, ukingo wa pili rudi nyuma inchi mbili, unganisha alama zako kwa mstari wa mshazari, kata. Ndivyo nilivyokata Kileleshwa yote, na zile nyumba bado zimesimama.

Kata moja tu kwanza. Ipandishe, iegemeze, usiipige msumari. Halafu niandikie. Imegusa mbao ya bonde ubavu mzima? Kama kuna pengo, liko kwenye ncha kali ama kwenye kisigino, ile pembe butu ya mkato? Kidole kinapita? Na pima tena vile paa linavyopanda. Tumia timazi, usinikadirie kwa macho. Andika upesi.

Z. Were


River Road, Nairobi
3 Februari 1972

Mzee Zedekiah,

Jina langu liko mlangoni kwa sababu lako lilifutwa na mwenye nyumba siku alipopaka rangi upya. Nilimwomba aliache. Muli ni shahidi.

Nilikata kama ulivyoniagiza. Ulisema moja, nilikata nne, maana nani hukagua neno la mwalimu wake? Nikazipandisha. Hakuna hata moja iliyokaa. Kisigino kinagusa, lakini ile ncha kali imesimama mbali na bonde. Kidole changu kidogo kinapita bila kuguswa. Nilipima paa tena kwa timazi: futi kwa futi, kama nilivyokuambia.

Nilikuwa bado juu ya ngazi gari la Mama Wahu likaingia. Siku hizi anafunga duka saa sita bila kuniambia, anakuja kimya kimya. Alisimama chini, mikono kifuani.

"Fundi, hii mbao inakufa ya ngapi?"

"Ni kurekebisha tu, mama."

"Kurekebisha." Akaokota moja, akaigeuza, akapitisha kidole kwenye mkato. "Mimi hukata nguo, fundi. Mtu anayejua na mtu anayebahatisha hawashiki makasi kwa namna moja. Wewe leo umeshika msumeno kama mtu wa pili."

Zile nne amezipanga kando ya mlango wa jikoni. Kila asubuhi napita mbele yake nikienda kazini.

Mzee, labda ulisahau kitu. Ama labda kuna neno hukuliandika. Kama ni kwamba nimekukosea, niambie kosa, usiniadhibu kwa mbao za mtu mwingine.

Joash


Butula
12 Februari 1972

Joash,

Mimi simwadhibu mtu kwa mbao. Nimekuambia kata moja, ukakata nne, halafu lawama unaniletea mimi.

Pengo likiwa kwenye ncha, maana yake hujarudi nyuma vya kutosha. Paa lako limesimama kuliko yale ya Kileleshwa. Sasa rudi inchi tatu na nusu badala ya mbili. Moja tu. Iegemeze.

Nataka unijibu haya bila kuruka: ncha sasa imegusa? Kisigino je? Kama kisigino kimeachana, ni upana wa kidole, ama wa msumari, ama wa karatasi? Pima kwa rula. Niandikie siku hiyo hiyo, usingoje Jumapili.

Na huyo mama mwambie kazi ya mbao haifanywi kwa makasi.

Z. Were


River Road, Nairobi
22 Februari 1972

Mzee,

Nilirudi inchi tatu na nusu. Ncha imegusa. Kisigino kimeachana, si upana wa kidole, ni kama unene wa penseli. Haya, umejibiwa bila kuruka.

Sasa nijibu na wewe.

Mama Wahu alikuja akaikuta hiyo ya tano chini. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye ngazi ya kanyumba, akavua viatu vyake vya mjini, akaniuliza, "Fundi, niambie ukweli. Wewe ni fundi, ama unajifunzia kwa nyumba yangu?"

Nilimwapia kwamba ninafuata maagizo ya mwalimu wangu. Lakini lile swali lilinifuata kwa miguu kutoka Loresho mpaka mjini, maana siku hiyo nilitembea. Nilipofika nikatoa barua zako mbili, nikazisoma tena. Ya kwanza inasema inchi mbili. Ya pili inaruka mpaka tatu na nusu. Na katikati ni maswali tu: ncha ama kisigino, kidole ama karatasi, andika upesi, usingoje Jumapili. Mtu anayejua haulizi hivyo. Nikajiambia, huyu hafundishi. Huyu analenga shabaha, na mimi ndiye ninayemwambia jiwe limeangukia wapi.

Lakini bado sikujua unalenga kwa ajili gani. Nilijua jana. Philister anayeuza chai karibu na duka la Muli alikuwa huko kwenu wiki iliyopita kumzika shangazi yake. Akaniambia kwa furaha, "Mzee wako amepewa paa la kanisa! La mabati, limesimama kweli kweli, na lina ukumbi wa mbele unaoingia ubavuni. Wanataka kuomba ndani yake siku ya Pasaka."

Ukumbi unaoingia ubavuni, mzee. Yaani bonde. Yaani rafta fupi.

Barua mbili hujaniandikia neno moja juu ya hilo kanisa. Unanikatisha mbao za mama wa watu ili upate kipimo cha kwako. Miaka yote nilifikiri unanificha siri. Kumbe siri hukuwa nayo, ama unayo na unanipa uongo makusudi. Mimi sijui lililo baya zaidi. Nilikuwa na hasira, na nilimwambia Philister hivyo hivyo, mbele ya watu waliokuwa wanakunywa chai.

Mume wa Mama Wahu ameandika kutoka Mombasa kwamba nipewe wiki mbili, zikiisha aletwe fundi mwingine.

Joash Ogutu


Butula
2 Machi 1972

Mwanangu Joash,

Ni mimi, Peres. Mzee hajui kwamba ninakuandikia. Nimemwambia ninakwenda sokoni Bumala kutafuta chumvi, na kweli nitanunua chumvi, lakini kwanza nitapita posta.

Barua yako ilifika Jumatatu. Aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaingia ghalani. Mimi sikungoja anipe. Niliichukua kwenye koti lake alipolala mchana. Usinihukumu. Nimeishi naye miaka thelathini, na mtu anayenyamaza hivyo sharti achunguzwe.

Sikiliza. Kule ghalani ameweka mabua ya mahindi, ameyakata kama rafta ndogo ndogo, ameyafunga kwa nyuzi. Amejenga paa la mabua lenye urefu wa mkono wangu. Analijenga, analibomoa. Alianza siku barua yako ya kwanza ilipokuja. Kila ulipoandika "ncha" ama "kisigino" alirudi huko, akakata mabua mengine. Mabua hayasemi ukweli, yanakubali kubonyea. Mbao zako ndizo zilizokuwa zinasema ukweli.

Kwa hivyo alikutumia, ndiyo. Simtetei. Nilimwambia siku ile alipoandika ile tatu na nusu, "Una hakika?" Akaniambia, "Joash ataona." Nikajua kwamba hajui.

Sasa nikuambie na jambo ambalo hata yeye hajui kwamba ninalijua. Unakumbuka lile gunia la kuni? Nani unafikiri alikuwa anazichoma? Ni mimi, pale Makongeni, kwenye jiko langu. Siku za kawaida lilikuwa na vipande vya kawaida na maranda. Lakini siku za bonde la paa lilijaa vichwa vya rafta, saba, nane, kumi, kila kimoja kimekatwa mshazari kidogo tofauti na mwenzake. Mtu hahitaji kuwa fundi kuelewa kuni za namna hiyo. Alikuwa anakata, anajaribu, anatupa, anakata tena, mpaka moja ikae. Wewe ulikuwa unatumwa misumari usimwone akikosa. Na ulipokuwa unarudi, ile iliyokaa ndiyo uliyoiona.

Mzee alifiwa na baba yake akiwa mdogo, na yule fundi aliyemwajiri kwanza hakumruhusu hata kushika rula. Aliiba kazi kwa macho. Kile ambacho macho hayakukiona, hakukipata.

Maneno uliyomwambia Philister yamefika huku kabla ya barua yako. Kaka yake ni mmoja wa wazee wa kanisa. Jumapili walimwita baada ya ibada. Annah, yule mweka hazina wetu, akamwuliza mbele ya wote, "Zedekiah, ni kweli paa hili hulijui?" Akajibu, "Nani amejenga Kileleshwa?" Macho yao hayakukubali. Tangu siku hiyo watu wanapita pale kanisani kuhesabu mbao.

Sikuombi umsamehe. Ninakuomba ukikipata hicho kipimo, usikitumie kumwua.

Mama yako,
Peres


River Road, Nairobi
13 Machi 1972

Mzee Zedekiah,

Paa la Loresho limefungwa. Rafta fupi ni kumi na mbili, sita kila upande, na hata karatasi haipiti kati yake na bonde. Mvua ilinyesha Ijumaa mchana, ile ya kupiga mabati kama mtu anamwaga kokoto. Mama Wahu aliingia ndani ya chumba kipya na taulo mkononi, akasimama chini ya pembe akingoja tone. Alingoja mpaka mvua ikaisha. Kisha akaikunja ile taulo, akaenda kumletea mama yake kitanda.

Hanamu ya ubavu sasa naijua. Sikuibahatisha. Ukinipa paa lolote, la kulala ama la kusimama, nitakuambia urudi nyuma kiasi gani kabla sijagusa msumeno.

Sitaiandika hapa.

Nilikaa na kalamu muda mrefu kabla ya kuandika neno hilo. Kuna sehemu yangu inayotaka nikutume misumari. Lakini si hiyo inayozungumza. Nataka tu jambo moja, nalo halina gharama ya posta zaidi ya senti chache: uniambie kwa mkono wako mwenyewe kulikuwa na nini ndani ya gunia. Usiniulize nimejuaje kuuliza hivyo.

Nami nina langu. Yale niliyosema mbele ya chai yalikuwa ya hasira, na nimesikia yalikofika. Philister nimemwambia nilikosa adabu. Najua neno likishatoka halirudi mdomoni.

Pasaka ni tarehe mbili Aprili. Nahesabu siku kama wewe unavyozihesabu.

Joash


Butula
21 Machi 1972

Joash,

Gunia lilikuwa na rafta nilizoziharibu.

Nimeandika hayo, nikatoka nje, nikazunguka nyumba, nikarudi. Sasa naweza kuendelea.

Paa la kulala halikunisumbua sana. Nusu ya skwea ilikaribia, na palipobaki upenyo nilijaza kwa kabari na rangi. Paa la kusimama ndilo lililonishinda. Nilikuwa nakata, najaribu, natupa. Pale Kileleshwa siku ya kopo niliharibu kumi na moja. Nilijua umeliona lile kopo, nilikuona ukigeuza kichwa. Nilingoja siku nyingi uniulize. Hukuniuliza, nami nikakuchukia kidogo kwa heshima yako, maana iliniacha peke yangu na jambo langu.

Uliponiandikia Januari, tayari nilikuwa nimewapa wazee wa kanisa mkono wangu. Nilisoma barua yako mara tatu. Nikaona, huyu ana paa kama langu, ana mbao, na ana miguu ya kupanda ngazi. Ningeweza kukuambia siku ile kwamba sijui. Tungetafuta pamoja. Badala yake nikakupa namba nikiwa nimefumba macho, nikangoja uniambie nimepiga wapi. Yule mama alikuuliza kama unajifunzia kwa nyumba yake. Mwambie aliyekuwa anajifunza ni mimi, tena niko mbali kiasi kwamba hawezi kunifukuza.

Kuhusu Philister, ulisema ukweli mahali pabaya. Mimi nilisema uongo mahali pazuri, tena kanisani. Tusipimane.

Barua yako ilifika jana. Jioni wazee walikutana, nikaenda bila kuitwa. Nikasimama mlangoni nikawaambia, "Ile pembe ya ukumbi siijui. Sikuijua tangu zamani. Anayeijua yuko Nairobi, anaitwa Joash Ogutu, nilimfundisha vitu vingine vyote, hicho amejifundisha mwenyewe."

Kaka yake Philister akaangalia chini. Kisha Annah, ambaye nilifikiri atanimaliza, akauliza, "Huyo Joash anakula samaki?"

Nikamwambia unakula.

Nimekuandikia haya si kwa ajili ya kipimo. Ukikataa, tutaacha ukumbi na kuezeka sehemu kubwa peke yake, na watu watanyeshewa mlangoni mpaka mwaka ujao. Hawatakufa. Lakini ukija, usinihurumie mbele yao. Nikishika vibaya, sema nimeshika vibaya.

Zedekiah Were


River Road, Nairobi
25 Machi 1972

Mwalimu,

Barua hii nampa Philister; anasafiri kesho na atakufikia kabla ya posta. Alijitolea mwenyewe kuibeba. Nimeifunga kwa gundi mara mbili, si kwamba simwamini.

Nianze na hanamu, ili hata basi likinipindukia njiani wewe ubaki nayo.

Nilipopewa zile wiki mbili, siku ya kwanza sikukata kitu. Nilimwambia Mama Wahu ukweli: "Pembe hii siijui. Nipe sakafu ya kanyumba na chaki, sitagusa mbao." Nilidhani atanifukuza hapo hapo. Akaniambia, "Basi leo ndiyo siku ya kwanza umenena kama fundi." Akaleta kiti chake, akakaa kunitazama, hakuniamini bado.

Nilichora paa sakafuni kwa ukubwa wake halisi. Mstari wa chini, mstari wa kusimama, na mteremko unaoiunganisha. Nikakaa nikiutazama kama mtu aliyepotea. Yeye ndiye aliyeuliza. "Hizo inchi mbili zenu, mnazipima wapi? Pale chini, ama kwenye mteremko?"

Nikamwambia kwenye mteremko, juu ya mgongo wa mbao.

"Na bonde lenu linaonekana nusu ya skwea ukiliangalia kutoka wapi?"

Mzee, hapo ndipo nilipoona. Bonde ni nusu ya skwea ukilitazama kutoka juu, kama ndege, ama likichorwa chini sakafuni. Juu ya mteremko si hivyo tena. Mama Wahu akasema kwake ni jambo la kila siku: kitambaa ukikipima kwa mshazari, kinakuwa kirefu kuliko ulivyokipima kwa kunyooka.

Basi fanya hivi. Weka alama ya inchi mbili kwenye mstari wa chini. Kutoka hapo panda wima mpaka ukutane na mteremko. Sasa pima kwenye mteremko wenyewe, kutoka mwanzo wake mpaka hapo ulipokutana nao. Kwa paa la Loresho, zile inchi mbili zikawa mbili na robo tatu na kidogo. Hizo ndizo za kurudi nyuma. Paa likilala, namba inashuka karibu na mbili, ndiyo maana yale ya kulala kule Kileleshwa yalikukubali. Likisimama, inapanda. Ulipiga mbili, ukapiga tatu na nusu. Ilikuwa katikati yako.

Paa lenu la kanisa silijui linapanda kiasi gani, na sitaki uniandikie. Tutalichora pamoja chini, kwenye udongo uliofagiliwa, kwa kamba na vigingi. Watu wakitaka kutazama, watazame.

Nafika Bumala Alhamisi na basi la asubuhi. Mwambie Mama Peres samaki atoshe, na umwambie chumvi aliyonunua ilinifaa sana. Yeye ataelewa, wewe usimwulize. Tutakata Alhamisi na Ijumaa, tukipewa ruhusa ya kufanya kazi Ijumaa Kuu, na Jumamosi mabati. Jumapili sijui kama itatukuta tumemaliza. Tukichelewa, wataomba chini ya mbao, na wataona kila mkato.

Jambo moja la mwisho. Mama Wahu ana kazi nyingine anataka nimfanyie, ya kubadilisha madirisha, na haamini kwamba mtu akipewa siku tano za kwenda magharibi atarudi. Nimemwapia, nimemtajia na jina lako. Amesema jina lako analijua sana. Kwa hivyo ameuchukua msumeno wangu, ameufungia ndani ya kabati la vitambaa mpaka nirudi.

Nitatumia wako. Unoe.

Joash